Mke Mwenza wa Kirusi

Mume wangu alisomea uhandisi Urusi, akarudi na shahada, koti zito na kaseti za mwanamke mmoja. Mwanamke huyo alianza kwa kuimba kwenye makantini ya viwanda, akaja kujaza viwanja vya mpira. Nchi yake ikasambaratika, yeye akaendelea kuimba. Haya nayajua kwa sababu nimesimuliwa mpaka masikio yakaota sugu. Nilikuwa na mke mwenza asiyetolewa mahari.

Tulishahamia Fridley, Marekani, siku yule mwanamke alipokuja mji jirani wa Saint Paul kuwaimbia Warusi wenzake. Ukumbi wa kukodi, nusu ya viti vitupu. Sauti ilishachakaa, lakini watu wazima walilia, mume wangu akiwemo. Baba yake alipozikwa hakutoa chozi! Nilimwonea wivu yule mwimbaji, nasema kweli.

Kisha kiharusi kikampata mume wangu kazini. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yote yakamtoka: Kichaga, Kiswahili, Kiingereza. Zilibaki nyimbo za yule mwanamke tu. Ukimwanzishia, anamalizia. Daktari alisema ndivyo inavyotokea, kuimba hukaa kwingine kwenye ubongo. Nilitaka kumpiga mtu. Miaka yote ile nampikia, hata jina langu hawezi kulitaja, lakini nyimbo za yule mwanamke anazo mdomoni.

Mama yake hatukumwambia. Kila Jumapili nilimpigia simu kwenye ofisi ya parokia kule Kilimanjaro, nikasema mwanawe yuko kazini, amelala, ana mafua. Mwishowe akachoka.

"Mwanangu amekufa, mnanificha. Nisikie sauti yake, la sivyo leo tunakaa matanga."

Nikawasha kaseti, mume wangu akaudaka wimbo, nikaizima na kumwekea simu sikioni. Akaimba mpaka mwisho, macho kwenye theluji dirishani. Nikaichukua simu.

"Ndiye," mama akasema. "Aliporudi kutoka masomoni aliimba hivyo hivyo akioga."

"Ndiye, mama."

"Lakini nimemwita, mwanangu. Anaimba, namwita, anaimba. Hakuniitikia. Hawezi tena kusema?"

"Hawezi, mama."

Akaanza kulia, nami nikakaa sakafuni nikalia naye. Mume wangu alinitazama, akisubiri nimwanzishie wimbo mwingine.