Siku Tuliyoomba Kujitenga

Usiku kafi liligonga mtumbwi mara moja, nikajua wazee wetu wanavuka mto kwenda barazani Ifakara. Asubuhi niliwakuta mbele ya akida, msimamizi aliyewekwa na Wadachi. Baada ya vita vya Majimaji, walituunganisha na kijiji cha ng'ambo, nasi tulitaka kujitenga.

"Wake zenu si dada zetu?" jumbe, mkuu wa kijiji cha ng'ambo, alicheka. "Mtajitengaje?"

"Ushemeji utabaki, bwana," mzee wetu akajibu. "Ujumbe wako ndio tunakurudishia."

Akida akasema, "Basi kitajeni kijiji chenu. Kilikuwa kwa nani?"

Jumbe wetu, aliyekuwa akituonjesha watoto mchele mpya kwa mkono wake, alinyongwa na Wadachi, na jina lake, ambalo ndilo lililokuwa la kijiji, likawa marufuku. Kuunganishwa hakukuhitaji ruhusa yetu. Kujitenga kulihitaji jina hilo.

Mjane wake akakaza kaniki, akasimama.

"Kwa Ngwalima."