Wifi Alishapimwa

Kaa karibu, dada, maana leo sauti yangu iko chini. Nimerudi asubuhi hii kutoka Tabora mjini na wifi yangu, dada wa mume wangu, na mwili wote umechoka.

Wifi analima tumbaku huku kwetu Kaliua. Miaka kadhaa iliyopita wauguzi walikuja zahanati kupima matiti ya akina mama. Tulikaa foleni pamoja, tukaambiwa hatuna kitu, turudi kila mwaka. Mimi nikawa narudi. Wifi, kila nilipompitia twende, jibu lake lilikuwa moja.

“Mimi nilishapimwa.”

“Ile ilikuwa ya mwaka ule, wifi.”

“Kwani mtoto akichanjwa, anachanjwa kila mwaka? Nenda wewe unayependa kushikwashikwa!”

Wanawake waliokuwa wakifunga tumbaku naye walicheka, nami nikacheka. Kisha nikamweleza: chanjo inakukinga, lakini kupimwa kunaonyesha tu ulivyo siku hiyo. Ni kama kukagua shamba. Leo hukuti wadudu, baadaye utapita tena. Akasema shamba lake analijua. Mwaka uliofuata nikaeleza upya, na uliofuata tena. Kurudia maneno yale yale kunachosha kuliko jembe.

Safari hii hakubisha. Akioga, alikuwa amegusa kivimbe kwenye titi, karibu na kwapa. Kwa kuwa hakiumi, alikaa nacho msimu mzima mpaka tumbaku ikauzwa. Ndipo akaja kwangu, hata kuketi hakuketi.

“Wifi, utanisindikiza?”

Tukapanda treni. Hospitalini walimpiga picha ya titi, wakachukua kinyama kidogo kwa sindano. Majibu bado.

Tukiwa kwenye benchi akaniuliza, “Ningekuja mwaka jana, wangekiona?”

“Huenda. Lakini si kila uvimbe ni saratani, wifi, na hata ikiwa saratani, ikiwahiwa inatibika vizuri zaidi. Umeshakuja. Majibu tutayafuata wote wawili.”

Akanilalia begani, mzito kama gunia, wala sikumsogeza.

Sijui tutaambiwa nini. Ninachojua ni kwamba ule msimu mzima hatutaupata tena. Wewe usingoje kivimbe. Wiki hii nenda zahanati ya karibu, mwombe muuguzi akupime matiti, na kabla hujatoka muulize urudi lini.