Fuwele Niliyoichagua Nikiwa Kihambani

"Sasa kama vitu vyenyewe havijatengenezwa, unachagua nini?" mama aliniuliza, mguu wake wenye plasta ukiwa juu ya stuli. Nilimwongezea mtori, supu yake ya ndizi.

Nilikuwa nimerudi kihambani, kwenye shamba letu la ukoo juu ya mji wa Moshi, tangu alipoteleza kwenye migomba akavunjika mguu. Chumba changu cha Majengo, kule mjini, nilikirudisha kwa mwenye nyumba. Kaka zangu walikuwa wameshaamua, kwa simu kutoka Dar, kwamba mimi ndiye nitakayemuuguza. Nilipouliza kwa nini mimi, mkubwa wao alicheka.

"Mdogo wangu, ofisi yako si unaikunja na kuitia kwenye begi? Ungekuwa na duka Kiboriloni tungekuonea huruma."

Maneno hayo nilikuwa nimewaambia mwenyewe, nikijisifu.

Kazi yenyewe ilikuwa kuifundisha kompyuta kwa mifano ya fuwele zilizokwisha kupimwa, ili ikadirie zipi, kati ya maelfu yaliyochorwa tu bila kutengenezwa, zingeweza kunasa floraidi, yale madini ya majini yanayotia meno rangi ya kahawia. Ni fuwele zenye vitundu vya kunasia ndani, visivyoonekana hata kwa hadubini ya shuleni. Maabara ya chuo kimoja ilikubali kutengeneza, au kupika kama wanavyosema wenyewe, moja tu nitakayopendekeza. Ikitoka na vitundu vyake, ningepata kazi pale, na kaka zangu wangelazimika kumtafutia mama mtu mwingine. Isipotoka, ningebaki.

Kompyuta iliipa fuwele moja alama za juu za kutisha. Sikuiamini. Nilipokagua mifano niliyoifundishia, nikakuta fuwele ile ile imeingizwa mara kadhaa kwa majina tofauti. Yaani kompyuta ilikuwa imeuona mtihani kabla ya kuufanya. Nikafuta nakala, nikaanza upya. Umeme ukakatika. Ukungu ulikaa migombani kutwa nzima, nami ndani, nikisubiri umeme huku mama akiita: mto, chai, mbona ng'ombe analia.

"Imekubali?" aliuliza umeme uliporudi.

"Imebadili mawazo, mama."

"Basi nayo ni kama kaka zako, leo hivi kesho vile."

Safari hii ilichagua fuwele nyingine, yenye alama za kawaida. Hiyo nikaituma.

Jibu lilikuja mama ameanza kutembea kwa magongo, ila bado hawezi kushuka ngazi peke yake. Unga mweupe umetoka, waliandika, na mpangilio wake ni ule ule uliochorwa, lakini gesi ya kupimia vitundu imegoma kuingia. Hauna vitundu. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

"Pole," kaka alisema kwenye simu. "Ila angalau mama hayuko peke yake."

Nilikwenda kukata majani ya ng'ombe, nikakata mengi kuliko anavyoweza kula. Niliishuku kompyuta, nikaishuku mifano, nikajishuku mwenyewe. Maabara sikuishuku.

Miaka kadhaa baadaye, kwenye mkutano, dada mmoja aliyeupika unga ule aliniambia, huku akikoroga chai yake, kwamba wakati ule tanuri lao la kukaushia lilikuwa bovu, wakauanika tu mezani. Vitundu vilikuwepo. Vilikuwa vimejaa kimiminika walichoupikia, gesi ikakosa pa kuingia.