Suruali Iliyokataa Kupwaya

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Milimita. Jina hilo nilimpa mimi. Majina mengi mazuri ya mtaa huu nimeyatoa mimi, ila watu hawana shukrani. Ukimpelekea kitambaa hakuambii karibu. Anakuangalia kuanzia kola mpaka kisigino, halafu anasema, "Bega lako la kushoto limeshuka kidogo, unabebea mzigo upande huo, siyo?" Na kweli.

Mimi nina duka la vifungo, zipu na nyuzi, mlango wa pili kutoka kwake. Shule nilikwenda mpaka darasa la sita. La saba nililichungulia dirishani nikaona hakuna jipya. Lakini kama kuna mtu anayeweza kukueleza jinsi kisukari kilivyoingia nyumba ile, na jinsi kilivyobakiza kidogo tu kishinde, mtu huyo ni mimi. Nisingekuwepo, leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Kilianza kwa sindano. Asubuhi moja Milimita alinitupia pakiti nzima juu ya kaunta.

"Shemeji, siku hizi unauza sindano vipofu. Hazina matundu."

"Sindano haijawahi kuona, shemeji. Anayetakiwa kuona ni wewe."

Hakucheka. Uzi ulikuwa umemshinda kutunga, yeye aliyekuwa akitunga huku anaongea na mteja. Kisha ikaja kiu. Kila kiu ilipomshika aliipelekea soda, na hiyo ni sawa na kuzima moto kwa mafuta ya taa, sema wakati ule hatukujua. Ufunguo wa choo cha jengo letu unatundikwa dukani kwangu, kwa hiyo habari za kibofu chake nilizijua kabla ya mkewe. Alikuwa akiurudisha ufunguo, anafika mlangoni kwake, anageuka kuja kuufuata tena. Nikamwambia bora niufunge kwenye shati lake kama kifungo.

Dada yangu hana mzaha na mambo ya mwili. Alimjia dukani akasimama mbele ya cherehani mikono kiunoni.

"Baba watoto, tunakwenda zahanati. Ama kwa miguu yako, ama nikubebe mgongoni. Chagua."

Akachagua miguu. Nami nikaenda, maana daktari akisema jambo lazima awepo mtu wa kulielewa.

Sasa sikiliza vituko. Mtu huyu sindano ya cherehani iliwahi kumpita ukucha, akaichomoa, akamaliza mshono, ndipo akatafuta kitambaa cha kufunga. Nesi alipomshika kidole kumtoa tone la damu, akafumba macho na kuushika mkono wa mkewe kama anapelekwa kunyongwa.

"Polepole, nesi! Polepole mwanangu!"

"Baba, nimeshamaliza."

Daktari alikuwa binti mpole, umri wa mpwa wangu wa kwanza. Akamwambia bila kuzunguka: "Baba, una kisukari, aina ya pili."

"Aina ya pili?" Milimita akashtuka. "Na ya kwanza kapewa nani?"

Daktari akacheka, lakini alivyoendelea kueleza hakuna aliyecheka tena. Ugonjwa huu si mafua, alisema, kwamba unalala leo kesho umepona. Utaishi nao, na ukiutawala utaishi vizuri. Ukiuachia, unakula macho, unakula figo, unakula miguu, kimyakimya, bila kupiga hodi. Soda basi. Nusu ya sahani iwe mboga, wali uwe robo, na robo iliyobaki iwe samaki, nyama au maharage. Tembea kila siku. Vidonge baada ya chakula, bila kuruka. "Na hicho kitambi, baba, kikipungua hata kidogo, mwili utakushukuru." Arudi kupimwa baada ya miezi mitatu.

Tulipotoka nje Milimita alisimama getini, akasema neno moja ambalo nililisahau papo hapo, lakini dada yangu hakulisahau: "Mtu wa sukari akianza kukonda, mtafutieni sanda."

Nyumbani mambo yakageuka. Siku ya kwanza aliwekewa sahani yenye mlima wa kabichi, na wali pembeni kama mgeni ambaye hakualikwa.

"Mama watoto, mimi nimekuwa sungura tangu lini?"

"Umeshaona sungura amevaa miwani? Kula."

Akala. Namsifia pale panapostahili: mwanamume yule alikula. Akaacha soda, ingawa mimi nilikuwa nakunywa yangu mbele yake makusudi, kumkomaza. Asubuhi akawa anatembea kuja kazini, na jioni anatembea kurudi, huku nikimpigia mluzi kutoka mlangoni. Vidonge akavihifadhi kwenye droo ya chaki, na kila akimaliza chakula alichokuja nacho utaisikia droo inalia.

Siku moja akaja kukaa kwenye stuli yangu, akashusha sauti.

"Shemeji, nitajuaje kama haya mateso yanafanya kazi?"

"Panda mizani."

"Ile ya zahanati? Ile hata mtoto akiikanyaga inasema mtu mzima."

"Basi lete futi nikuzungushe kiuno, kazi ya mara moja."

Akaruka kama nimemgusa na pasi. Aliyemfundisha ushonaji alimkanya tangu ujana kwamba futi ya fundi ni ya wateja. Fundi akizungushiwa futi yake mwenyewe anajipimia kaburi. Nguo zake zote huwa anakata kwa kuweka kuukuu juu ya kitambaa kipya, basi. Nilimwambia huo ni upuuzi, akaniuliza mbona mimi usiku siuzi sindano. Kila biashara ina mambo yake.

"Nitajipima kwa hii," akasema, akipiga paja la suruali yake ya kazi, ile ya rangi ya udongo. "Nimeishona kwa mkono wangu, kiuno chake hakijui kusema uongo. Ikianza kupwaya, nitajua natembea njia. Ila usimwambie mtu, hasa dada yako. Atanicheka."

Basi ikawa ndio mtindo. Suruali inafuliwa mwisho wa wiki, na kila Jumatatu anapita kwangu kwanza, anaingiza kidole gumba kwenye mkanda wa kiuno, na mimi nashuhudia. Jumatatu ya kwanza kidole kikabanwa. Nikamwambia subira. Ya pili, vilevile. Uso wake ulikuwa umechongoka, shingo iliyopotea miaka imerudi, hata uzi alianza tena kutunga bila kutukana. Mimi naona, wateja wanaona. Yeye kidole chake hakioni.

"Shingo ni shingo, shemeji," anasema. "Nilipo mimi ni hapa kiunoni, na hapa hakijabadilika kitu."

Ikaenda hivyo mpaka ikakaribia siku ya kurudi zahanati. Jumatatu hiyo akaingia dukani anapumua kama aliyekimbizwa. Kidole hakikuingia kabisa. Kifungo kilikuwa kimekaza mpaka kinachungulia nje.

"Umeona? Umeona mwenyewe? Nimekula majani kama mbuzi, nimetembea kama tarishi, na kiuno kinaongezeka! Mwili huu umeshaamua." Akaichukua soda yangu juu ya kaunta, ikiwa bado na baridi yake, akainywa yote bila kupumzika. "Vidonge basi. Zahanati siendi. Kama ni kufa, nife na keki mdomoni."

Akaenda zake. Nami ninayejua kutania mpaka msibani, siku hiyo sikupata utani. Pale kona kuna muuza viatu ambaye naye alichoka na vidonge. Leo anauza viatu jozi kwa jozi, na yeye anavaa kimoja. Nilimtazama Milimita kupitia mlango wake; mchana alikula, akafunga kibakuli, na droo haikulia.

Mchana huohuo dada yangu akaja kwangu, kikapu mkononi.

"Kaka, nipe uzi wa rangi ya udongo."

Nikaufuata kwenye kisanduku, nikakuta umebaki kidogo tu. Nikajiuliza, uzi huu nani anaumaliza? Mume wake siku hizo alikuwa na harusi tupu, nguo nyeupe na za dhahabu. Hapo ndipo akili yangu, ambayo darasa la saba halikuwahi kuichosha, ikawaka.

"Dada, nani kakuletea nguo ya rangi ya udongo?"

"Ah, viraka tu vya nyumbani."

"Kiraka kiko wapi? Goti au kiuno?"

Akatazama chini. Nikamvutia stuli, akakaa, akatoa yote. Kila mwisho wa wiki akiisha kufua, mumewe akiwa bafuni, alikuwa anaipunguza ile suruali kwa kile cherehani chao cha mkono cha nyumbani.

"Ungemuona, kaka, ilikuwa inamvuka! Fundi avukwe na suruali mbele ya wateja? Halafu si alisema mwenyewe pale getini, mtu wa sukari akikonda atafutiwe sanda? Nikasema, basi asijione amekonda. Akijiona ataogopa, akiogopa ataacha kula. Jana nilikuwa na haraka, nadhani nimeingiza zaidi."

Nikamwambia habari za kidole gumba, nikamwambia za Jumatatu, nikamwambia na soda. Alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Sikujua analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua.

"Mungu wangu, kaka. Nimemponza mume wangu kwa uzi."

"Nenda kamwambie."

"Hataniamini. Atasema namfariji."

"Basi mwoneshe. Yule haamini maneno, anaamini mshono."

Dada yangu akiamua hangoji. Alikwenda mpaka mbele ya cherehani, mimi nyuma yake, na pale ndani alikuwapo mteja, mama mmoja mwenye mwili na heshima zake, amekuja kujaribu gauni la harusi ya bintiye.

"Baba watoto, vua hiyo suruali."

Mama mwenye gauni akashika kifua. Milimita akageuka rangi.

"Mama watoto, hapa ni kazini!"

"Ndiyo maana nimekuja na wembe. Ingia nyuma ya pazia, uinirushie."

Aliingia, si kwa utii bali kwa aibu, na suruali ikaruka juu ya pazia. Dada yangu akaketi kwenye kiti cha mumewe, akaigeuza ndani nje, akaanza kufumua. Krr, krr, mshono mmoja baada ya mwingine. Nyuma ya pazia sauti inauliza nini kinaendelea, mimi namjibu subira huvuta heri. Dada akairudisha juu ya pazia.

Milimita alitoka ameivaa, kifungo kimefungwa, mikono ameiweka kiunoni, tayari kufoka. Akafungua mdomo. Akaondoa mkono mmoja ili anyooshe kidole.

Suruali ikashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Fundi!" akapiga kelele yule mama. "Mimi nimekuja kujaribu gauni!"

Niliangukia rundo la vitambaa. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na sioni aibu kusema nilicheka. Milimita aliinama akaipandisha, akaishika kwa ngumi. Hapo ndipo macho yake yalipoona matundu ya sindano kwenye kitambaa: mstari, na ndani yake mstari mwingine, na mwingine, inakwenda inaingia ndani. Akaipapasa kwa kidole kama mtu anayesoma.

"Hapa," akasema taratibu. "Na hapa. Na hapa tena. Nilikuwa napungua muda wote huu?"

"Muda wote, baba watoto. Nilidhani nakuficha jambo baya."

Tukangoja. Mama mwenye gauni naye akangoja, maana harusi yenyewe isingekuwa tamu kama hii.

"Huu mshono wa tatu," akasema Milimita, "umepinda."

"Nilikuwa nashona nasikiliza maji ya bafuni, wewe!"

Akacheka. Kwanza kidogo, kisha akacheka mpaka suruali ikataka kushuka tena. Kwa mkono ule mmoja uliokuwa huru akavuta droo, akatoa vidonge, akaomba maji.

Zahanati tulikwenda siku ileile tuliyopangiwa. Nesi akamchoma, yeye akafumba macho, akalalamika kama kawaida. Daktari akasoma, akatabasamu: sukari imeshuka vizuri, bado haijafika anapopataka, ila imeshuka.

"Kwa hiyo vidonge naacha lini?" akauliza.

"Nani kakwambia uache, baba? Endelea hivyohivyo, na wewe mama endelea kumbana."

"Kunibana ameshanibana, daktari. Hilo usimfundishe."

Tulirudi kwa miguu, yeye na dada yangu mbele, wanabishana kama suruali mpya iwe ya kijivu au nyeusi. Pale penye mlima waliupanda wakiongea bila kupunguza mwendo. Mimi nilifika katikati nikakaa juu ya ukuta wa watu, nikawaambia watangulie, naangalia mandhari.

"Shemeji!" Milimita akapiga kelele kutoka juu. "Mandhari gani hiyo inayokutoa jasho? Kesho nakupeleka ukachomwe kidole na wewe!"

Nilimpungia mkono tu. Nilikuwa nahema.