Bwawa Lilipotapika

Nilipokuwa mtoto, kabla ya Uhuru, tuliishi kwenye shamba la Mzungu mmoja nje ya Kitale, kando ya maji ambayo watu waliyaita ziwa. Halikuwa ziwa. Lilikuwa bwawa, na samaki wake walikuwa ngege. Napenda vitu viitwe kwa majina yake.

Julai, ukungu wa Mlima Elgon ulilala juu ya bwawa hadi karibu adhuhuri. Katika baridi ile ngege hushuka chini na kukataa ndoano. Baba alirudi kila siku na kikapu kitupu, naye alikuwa na haja: wakwe walikuwa wanakuja kutoka Mabanga kumposa dada yangu Nasimiyu, na alikwisha kujisifu kwamba kwake watakula samaki.

Asubuhi moja, baada ya usiku wa upepo na mvua, tulikuta ngege wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wakitweta. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na yalinuka yai bovu. Baba aliwazoa kwa karai.

"Mungu ametupa," alisema.

"Bwawa limetapika," alisema Kukhu, bibi yangu aliyemzaa Baba. "Kilichotapikwa hakiliwi. Kuna mtu kule chini amelichafua tumbo."

"Mama, si tuliacha hayo mambo ya zamani?"

"Mliacha. Lakini pua si mko nazo?"

Nasimiyu aliwakaanga kwa vitunguu vingi. Nilionja mkia jikoni: tope, na utelezi uliogoma kutoka kwenye kaakaa. Kukhu alibaki nasi jikoni. Kwa desturi yetu hakuweza kuingia wakwe wakila.

Mzee Wekesa, msemaji wa wageni, alitia kipande kinywani, akatafuna, kisha akatema sakafuni karibu na viatu vya Baba. Kwetu mzee hubariki kwa kutema mate. Baba akainamisha kichwa.

"Amina," alisema.

Mzee Wekesa akatema tena, safari hii pamoja na miiba.

"Sibariki, bwana. Natema. Huyu samaki ameoza akiwa hai."

Waliondoka bila kunywa chai, na watu wa Mabanga hawakuleta neno tena.

Ukubwani nilielezwa kwamba baridi huyazamisha maji ya juu, yakavuruga uozo wa chini, samaki wakakosa pumzi. Basi hakukuwa na mtu kule chini. Kukhu alikosea hapo tu. Lakini kinachonichefua mpaka leo si ule utelezi, ni ile Amina. Nyumba nzima ilinusa, na nyumba nzima ikaifundisha pua yake adabu mbele ya wageni.

Nasimiyu aliolewa baadaye Kachibora, na sasa ni mjane. Hapiki samaki. Nikimtembelea Julai, ukungu ukishuka, humwona akinusa vidole vyake, kisha akivificha ndani ya leso. Sijawahi kumwuliza.