Asilimia Iliyoua Tangi la Kwanza

Kumepambazuka, na harufu ya majitaka inakupokea getini mwa kituo cha kuyasafisha, kabla ya mlinzi. Mama Vidudu haishtukii tena. Ameinama ukingoni mwa tangi la pili, anachota tope kwa kopo lenye mpini mrefu, analinusa.

"Likinuka udongo, wazima. Likinuka yai viza, tumekwisha," anasema fundi huyu wa maabara. "Leo hata sielewi."

Anaowasema ni bakteria wanaokula uchafu wa mji mzima kabla maji hayajaingia mtoni, ambako watu wa bondeni huoga na kufua. Tangi la kwanza liko jirani, tupu, limebanduka rangi. Anapita akiangalia kando.

Mwaka jana, maabara inayosoma vinasaba ilileta majibu: bakteria wa nyuzi, wale wanaozuia tope kutulia chini, wamepanda kutoka asilimia kumi hadi arobaini. Yeye na meneja wakakubaliana papo hapo kwamba wameongezeka. Wakamwaga klorini kuwaua. Tangi likafa, na mto ukanuka miezi mitatu.

"Niliumia jamani. Watoto wa watu waliugua ngozi. Chakula kilikuwa hakipiti."

Jibu alilipata nyumbani, mezani. Watoto sita walikuwa wamekwenda bweni. Wakabaki yeye, mumewe, wifi yake na mama mkwe.

"Mama mkwe alikuwa mmoja kati ya kumi, sasa ni mmoja kati ya wanne. Asilimia imepanda! Nikamuuliza wifi, kwani mama ameongezeka? Akanijibu, 'Wifi, huyo mmoja tu anatutosha!'"

Anacheka hadi anafuta machozi. Kisha anaeleza kwamba ndivyo ilivyokuwa tangini. Asilimia husema fungu, haisemi jumla. Wa nyuzi walikuwa wale wale. Wenzao ndio waliokuwa wanakufa kwa sumu iliyoingia na majitaka, na klorini ikawamaliza waliobaki.

Wiki hii majibu ya tangi la pili yamefika: wa nyuzi wamepanda hadi asilimia arobaini na mbili. Mapipa ya klorini yako tayari mlangoni.

"Mama, tukichelewa tope litamwagikia mtoni," anasema meneja.

"Najua, bosi. Nipe hadi mchana. Nawahesabu wote kwanza."

Meneja naye hajasahau kosa la mwaka jana, hambishii. Mama Vidudu anajifungia na hadubini, tone baada ya tone, shingo imekakamaa. Nje, wenzake wanaamini atatoka kuyafukuza yale mapipa.

Anatoka amekunja uso.

"Jumla haijapungua hata kidogo," anasema. "Safari hii wameongezeka kweli. Leteni klorini."

Mwenzake mmoja anamuuliza kama ana hakika.

"Naogopa, ndiyo. Lakini kuogopa si kipimo."

Anafungua mwenyewe koki ya pipa, kidogo kidogo, robo ya kiasi cha mwaka jana, iwapunguze wa nyuzi bila kuwamaliza wenzao. Ameshamwambia meneja kwamba kuanzia sasa hakuna asilimia itakayosomwa hapa bila jumla kando yake, na meneja amekubali.

Kesho atawahesabu tena, na keshokutwa. Tangi lililokufa halifufuki kwa maji matupu; huanzishwa kwa tope lililo hai.

"Hawa wakipona," anasema, macho yake yakielekea kule alikokuwa hataki kutazama, "ndoo ya kwanza ya tope naipeleka kwenye tangi lile pale. Naibeba mimi mwenyewe."