Kipimo Kilichoendelea Kusoma

Ipo asubuhi moja ya masika, mwanangu, ambayo sijawahi kuisimulia mpaka mwisho. Juzi uliponipigia kuniuliza amri ya kulazimisha moduli ya kompyuta inayokataa kupakiwa, nilikwambia mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima. Nilikata simu kwa sababu sikutaka usikie sauti yangu ikibadilika. Leo nimetulia, nakuandikia. Soma polepole.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo Dar es Salaam, nimerudi kwetu Ifakara na cheti kwenye bahasha. Nikapata kazi katika ofisi ndogo ya mradi mmoja pale Viwanja Sitini. Kazi yangu ilikuwa kutunza kompyuta iliyopima Mto Kilombero. Mtoni kulikuwa na nguzo ya chuma, na juu yake kisanduku chenye kipimo. Kila saa kipimo kilituma kina cha maji kwa redio mpaka ofisini, taarifa ikapokelewa na kadi iliyokuwa ndani ya kompyuta, kisha programu ikaandika namba na saa. Asubuhi mimi niliichukua namba ya mwisho na kuiandika kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa nje. Wakulima wa mpunga waliusoma, wavuvi waliusoma, na wafugaji wa Kisukuma wenye ng'ombe huko bondeni waliutegemea kuliko wote, maana wao walikuwa wakivuka na mifugo.

Kompyuta ile ilitumia Linux. Kiini cha mfumo, kile tunachokiita kerneli, hakikuijua ile kadi ya redio mpaka ukipe moduli yake, yaani kipande cha programu kinachoingia ndani ya kerneli na kuiwezesha kuelewana na kadi. Moduli hiyo aliijenga Mzee Damiani, fundi aliyenitangulia, Mndamba, mtoto wa wavuvi. Alikuwa amestaafu, analima mpunga kule Kiberege. Siku anaondoka alibandika karatasi yenye namba yake ya simu pembeni mwa kioo cha kompyuta, akaniambia, "Binti, ikikukatalia usigombane nayo. Nipigie."

Nilimshukuru. Moyoni nilijisemea kwamba huyu mzee hajui nimesomea nini.

Jumatatu moja nikausasisha mfumo. Hakuna aliyenituma, nilitaka tu kuona vitu vipya. Kerneli mpya ikaingia, nikawasha upya, na kadi ikawa haipo. Nikajaribu kuipakia moduli kwa mkono. Ikagoma, ikasema muundo wa moduli si sahihi. Nikarudia amri ileile, kana kwamba mara ya pili ingeniogopa. Kwenye kumbukumbu za kerneli kulikuwa na mstari mwingine, chini ya ule wa kwanza, ulioeleza kila kitu: moduli hii ilijengwa kwa kerneli ya toleo lile, na inayofanya kazi sasa ni ya toleo hili. Macho yangu yalipita juu ya mstari huo, mwanangu, yakaendelea na safari.

Namba ya Mzee Damiani ilikuwa hapo, inanitazama. Sikupiga. Niliona aibu kwamba msichana wa chuo ameshindwa na kazi hata mwezi wa pili haujaisha. Nikatafuta mtandaoni, nikakuta namna ya kulazimisha, ile ya kuiambia kerneli isiangalie toleo, ipokee tu. Ikapokea. Ikaandika onyo fupi kwamba sasa imetiwa doa, yaani haiwezi tena kudhamini kazi yake, ikanyamaza. Saa ilipotimia namba ikatokea kwenye kioo, safi kabisa. Nikaenda kula wali na samaki, nimejaa sifa.

Jumanne namba ilikuwa ileile. Jumatano ileile. Nikaandika ubaoni, nikafurahi kwamba mto umetulia. Ifakara hapakuwa na mvua hata tone. Jua lilikuwa kali. Mvua ilikuwa inanyesha mbali, milimani, upande wa Chita na juu zaidi, na sisi hatukuwa na habari.

Alhamisi asubuhi akaja Mama Kulwa. Alikuwa mke wa mfugaji mmoja aitwaye Masanja, na walikuwa wameweka boma lao bondeni karibu na mto. Alikuja kwa baiskeli, akaiegemeza ukutani chini ya ubao, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Mto unasemaje leo?"

"Haujapanda. Uko palepale pa jana."

"Na jana?"

"Palepale pa juzi."

Hakuondoka. Alitazama ile mashine nyuma yangu, halafu akanitazama mimi.

"Ng'ombe wamekataa kushuka kunywa," akasema. "Tangu jana wanasimama mbali, wanayatazama maji, wanageuka. Na vyura wamenyamaza, binti. Usiku kucha hakuna hata mmoja. Baba Kulwa anataka kuvuka akawatoe ndama walioko ng'ambo. Ananiambia naogopa bure, ubao unasema maji ni yaleyale. Ndiyo maana nimekuja nikuulize wewe mwenyewe, siyo ubao."

Nilitabasamu. Tabasamu lile nalikumbuka kuliko maneno. "Mama, mashine haiogopi wala haibahatishi. Maji hayajapanda."

"Haya," akasema. Akatoa simu, akampigia mumewe palepale mlangoni. Kisukuma sikijui, lakini niliielewa ile simu. Nilimsikia akitaja ofisi, kisha akacheka kidogo, kama mtu aliyeshindwa mabishano ya nyumbani. Akapanda baiskeli kuelekea sokoni.

Nikarudi kwenye kiti, na chumba kikawa kimya kwa namna nisiyoweza kukueleza vizuri. Feni ilikuwa inazunguka, Huruma, karani wetu, alikuwa anapiga mihuri chumba cha pili, lakini mimi nilikuwa nasikia kitu kama mtu anayezuia pumzi. Nikafungua orodha ya vipimo vyote tangu Jumatatu na kuishusha kwa kidole. Namba ileile. Ileile. Usiku na mchana, mpaka tarakimu ya mwisho kabisa baada ya nukta, ile inayobadilika hata bata akipita karibu na nguzo. Saa kwa saa, siku tatu. Hakuna mto uliowahi kukaa hivyo. Nilikuwa natazama mto uliosimama.

Ndipo nikampigia Mzee Damiani.

Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Hata tarakimu ya mwisho haitikisiki?"

"Haitikisiki, mzee."

"Tangu lini?"

"Jumatatu. Nilisasisha mfumo."

Nilisikia ndege wa shambani kwake kwenye simu. "Umelazimisha moduli," akasema. Hakuniuliza. "Nenda kafute ubao sasa hivi. Nakuja."

Nikafuta ubao kwa kanga yangu, nikakimbia sokoni. Nilimkuta Mama Kulwa ananunua chumvi. Nilimwambia tu, "Mama, mpigie baba, asivuke." Hakuniuliza sababu. Akapiga. Simu haikupatikana. Akapiga tena, na tena, na ile sauti ya kike ya mtandao ikawa inamjibu kwa upole uleule kila mara.

Mzee Damiani alifika kwa pikipiki. Tukachukua nyingine mbili, tukashuka bondeni sote watatu, jua la saa sita likiwa juu ya vichwa vyetu.

Nilitegemea kusikia mafuriko, mwanangu. Nilidhani mafuriko yanakuja na mngurumo. Hakukuwa na sauti yoyote. Njia ilikuwa kavu, kisha ikawa na unyevu, kisha ikaingia majini kama imechoka. Maji yalikuwa yamelala juu ya mashamba ya mpunga, maangavu, na ndani yake niliona majani ya mpunga yamesimama wima, ya kijani, kana kwamba hayajajua kuwa yamezama. Kila unyasi uliochomoza ulikuwa mweusi kwa wadudu waliopanda kukimbia. Buibui walikuwa wamefunika matete kwa utando mweupe. Hakuna ndege aliyekuwa akiwala. Maji yaligusa kiatu changu, nikarudi hatua moja. Nilipotazama tena, yalikuwa yameshakigusa.

Tulipanda kwenye tuta, mahali ambapo nguzo ya kipimo huonekana. Haikuwepo. Pale penye nguzo palikuwa na maji ya kahawia yanayokwenda taratibu, na magogo.

Mzee Damiani akatoa simu, akampigia Huruma ofisini, akaweka spika. "Huruma, nenda kwenye mashine. Kipimo cha mwisho kimeingia lini?"

Tukasikia viatu vyake kwenye sakafu. "Mzee, kimeingia sasa hivi tu. Saa saba kamili. Namba ni ileile."

Tulisimama watatu tukiutazama mto. Ni Mama Kulwa aliyeuliza, kwa sauti ndogo, "Kama kipimo hakipo, nani anayesema?"

Nilijua jibu, na sikulisema, na hilo nalo nalihesabu katika makosa yangu.

Wavuvi walitoka na mitumbwi kumtafuta Masanja mpaka jioni. Ng'ombe wengi wa boma lile, lililokuwa limezungukwa na maji, walirudi wenyewe wakiogelea, pua juu ya maji, wakapanda tutani mmoja mmoja na kusimama nyuma ya Mama Kulwa. Aliwaita majina yao. Masanja hakurudi. Walimtafuta kesho yake, na wiki ile yote. Hajaonekana mpaka leo ninapokuandikia.

Asubuhi iliyofuata Mzee Damiani alinikalisha mbele ya mashine. Nilidhani atanifokea. Akafungua kumbukumbu za kerneli, akaniambia, "Nisomee. Mstari wa kwanza, halafu wa pili."

Nikasoma wa kwanza. Wa pili ulinishinda, nikalia. Akangoja. Nikausoma.

"Moduli hii niliijenga kwa vipimo vya kerneli ya zamani," akasema. "Kerneli mpya imehamisha vitu vyake. Ilikukatalia kwa sababu ilijua. Ulipolazimisha, moduli ikaenda kuchukua namba mahali ilipopazoea, na pale namba mpya haziingii tena. Ikaikuta moja ya Jumatatu, ikaisoma, na saa iliyofuata ikaisoma tena. Programu ikaipiga muhuri wa saa mpya, wewe ukaiandika kwa chaki. Mashine haikusema uongo, binti. Ilikuwa imezibwa masikio, na aliyeyaziba ni wewe."

Kisha tukafanya kazi iliyotakiwa kufanywa Jumatatu. Tuliiondoa moduli ile, tukaangalia kerneli inayofanya kazi ni toleo gani, tukapakua vichwa vyake, yaani mafaili yanayoieleza moduli jinsi kerneli ilivyopangwa, vya toleo hilohilo, tukaijenga moduli upya kutoka kwenye msimbo wake, tukazisajili moduli upya, tukawasha mashine. Ilipakiwa bila neno. Haikuchukua hata saa nzima. Tukangoja saa itimie. Ilipotimia, programu haikuandika namba. Iliandika kwamba hakuna taarifa kutoka mtoni.

"Hapo sasa inafanya kazi," akasema Mzee Damiani.

Jioni nilikwenda kwa Mama Kulwa, alikohamia kwa ndugu zake kwenye mwinuko. Watu wa msiba walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Niliomba aje pembeni, nikamweleza yote: kusasisha, kulazimisha, karatasi yenye namba ya simu, tabasamu langu. Nilimweleza kwa maneno ya kawaida, ili asije akadhani ni jambo kubwa lisiloeleweka. Alinisikiliza akitazama zizi.

"Kwa hiyo kulikuwa na mtu wa kumuuliza," akasema mwishowe.

"Alikuwepo, mama."

"Na mimi nilikuja kukuuliza wewe." Akavuta kanga yake, akarudi mkekani. Hakunilaani. Miaka mingi nilitamani angenilaani.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana haya ndiyo niliyokusudia. Moduli ikikataa kupakiwa, jua kwamba kerneli inakulinda. Usome ujumbe wote, siyo ule mstari wa juu peke yake; ufungue kumbukumbu, uone inalalamikia nini. Angalia moduli ilijengwa kwa kerneli gani na wewe unaendesha ipi. Kerneli ya zamani usiifute mpaka mpya imethibitika, ili kazi ya watu isisimame wakati wewe unajifunza. Rudi kwenye ile ya zamani, kisha ijenge moduli upya kwa utulivu. Na hata ikikubali, usiamini kukubali kwake. Nenda kakiangalie kitu chenyewe, mtoni au wodini au kwenye mtambo, uhakikishe namba iliyoko kwenye kioo na kilichoko duniani ni kimoja. Ukiona namba isiyotikisika kabisa, ogopa. Mtu asiye na cheti akikuletea wasiwasi wake mlangoni, mpe kiti. Amekuja na kipimo ambacho wewe huna. Na yupo aliyeifanya kazi hiyo kabla yako. Aibu ya kumpigia inaisha kabla simu haijakatwa. Ile nyingine ninayo mpaka leo, na nimeshakuwa bibi.

Kuhusu ile amri uliyoniuliza, naijua. Sitakupa. Njoo Jumamosi na kompyuta yako, tukae, tuijenge pamoja.

Mungu akupe macho yanayofika mwisho wa mstari, na ulimi usioona haya kusema sijui. Wanaoitegemea kazi yako wafike makwao salama, hata wale usiowafahamu, na jina lako litajwe vizuri majumbani mwao. Amina.